Njia za Mkato katika Ofisi ya Parokia



Wiki hii sitafafanua masomo ya Jumapili. Nakusudia kuwaelezeni habari ya kompyuta ya ofisi yetu, na hasa namna mtu awezavyo kufungua programu au faili kwa kubonyeza vitufe vitatu vya kibodi bila kugusa kipanya. Najua wapo watakaosema kwamba Padre amekosa la kuandika. Naomba mnivumilie. Ndani ya habari hii kuna kosa nililolitenda mimi, na baadhi yenu mlikuwapo barazani Jumamosi ile mkisubiri vyeti, mkaondoka mkiamini kwamba kompyuta ya parokia imeharibika. Haikuharibika.

Niseme kwanza juu ya jina. Kwa Kiswahili kitu hiki huitwa njia ya mkato, na jina hilo lilinifanya nikichukie kabla sijakijua. Nimehubiri miaka mingi dhidi ya njia za mkato: mwanafunzi anayenunua mtihani, mfanyabiashara anayechezea mizani, kijana anayetaka jumba kabla hajapata kazi. Basi kijana mmoja wa VIWAWA aliponiambia, "Padre, tuweke njia za mkato kwenye kompyuta ya ofisi," nilimjibu kwa mzaha kwamba ofisi hii hupita njia kuu.

Ulikuwa mzaha wa mtu asiyetazama mahali anapoishi. Sisi tunaishi Kariakoo. Jina lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa na kambi yao hapa. Wabeba mizigo wa leo wangali wakipita mlangoni petu tangu alfajiri. Mtazame mmoja wao mwenye robota la nguo begani saa sita mchana: haingii Mtaa wa Congo uliojaa watu na meza za wamachinga, bali hukata kichochoroni, hupita nyuma ya ghala, hutokea upande wa pili mzigo ukiwa salama. Hakuna awezaye kumwita mvivu. Anaijua njia kwa miguu yake, na mzigo ndio uliomfundisha.

Sasa nije kwa mama yetu katibu. Amenipa ruhusa ya kuandika, ila jina lake sitalitaja. Wengi wenu mmemkuta ofisini kabla yangu na kabla ya maparoko wawili walionitangulia. Alisomea uhazili mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za mashine za chapa, wakati wanafunzi walipofunikwa mikono kwa kitambaa ili vidole vijifunze herufi pasipo msaada wa macho. Mpangilio wa herufi wa mashine zile, ambao mizizi yake ni kazi ya Mmarekani Christopher Sholes katika miaka ya 1870, ndio huu huu tulio nao kwenye kibodi za kompyuta. Nawaomba mlishike jambo hilo.

Mwaka jana vyeti vilianza kutoka na makosa. Tarehe ya 7 ikawa 1. Jina la msimamizi likaandikwa mahali pa jina la baba. Binti mmoja alipeleka cheti chetu cha ubatizo katika parokia ya mchumba wake, akarudishwa kwa sababu mwaka wa kuzaliwa haukulingana na kitambulisho chake, na matangazo ya ndoa yakachelewa majuma mawili. Lilikuwa kosa la ofisi yangu, nami nilikwenda kuwaomba radhi wazazi wake. Niliporudi nilimwita mama katibu, nikiwa na maneno makali mdomoni. Hakunipa nafasi ya kuyatoa. Alisema, "Baba, nina presha ya macho. Mwaka wa pili sasa. Niliogopa kukwambia."

Presha ya macho, ambayo waganga huiita glaukoma, haina kelele. Mara nyingi haiumi. Hula pembe za uoni polepole, mgonjwa akiendelea kuona kilicho mbele yake na kudhani yu mzima, hata siku anapojigonga mlangoni. Dawa za matone huweza kuzuia uharibifu usiendelee, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kwa mama yetu ulikuwa umebaki kama tundu la ufunguo. Mshale mdogo wa kipanya kwake ulikuwa sindano iliyoangukia mkekani: kila mara alipotaka kufungua faili la zaka alikuwa akiutafuta mshale, kisha akiitafuta alama ya faili, na alipoipata alama, mshale umekwisha kupotea tena.

Kamati ya fedha ilijadili suala hilo kwa upole, nami sina lawama kwao. Walipendekeza apewe kiinua mgongo na tutafute kijana. Nakiri kwamba niliafiki. Nilikwisha hata kuanza kufikiria maneno ya kumuaga.

Aliyevuruga mpango huo ni yule kijana wa VIWAWA, ambaye riziki yake ni kutengeneza simu katika Mtaa wa Aggrey. Alikuja ofisini kutazama printa, akamkuta mama anapambana na kipanya. Hakumuuliza habari ya macho. Alimuuliza, "Mama, ni mafaili gani unayoyafungua kila siku?" Akayahesabu kwa vidole: ubatizo, kipaimara, ndoa, nia za Misa, zaka, matangazo. Sita tu. Kwenye uso wa kwanza wa skrini yetu siku hiyo kulikuwa na alama zaidi ya arobaini.

Kazi yenyewe haikumchukua nusu saa, nami naieleza kwa wale mtakaopenda kujaribu nyumbani katika kompyuta za Windows. Kwanza huundwa alama ya njia ya mkato ya programu au faili unalolitaka, ikakaa kwenye uso wa kwanza wa skrini. Uichague alama hiyo, kisha ushike Alt na kubonyeza Enter. Dirisha dogo litafunguka, na ndani yake mna kisanduku kilichoandikwa Shortcut key. Kikiwa kitupu huonyesha neno None. Ukisogea hapo kwa kitufe cha Tab na kubonyeza herufi moja, tuseme B, kompyuta yenyewe huongeza Ctrl na Alt mbele yake. Ukimaliza kwa Enter, basi tangu hapo popote ulipo, hata ukiwa ndani ya barua, ukishika Ctrl na Alt na kugusa B, faili lako litakuja. Faili lenyewe halina kisanduku hicho. Alama yake ya njia ya mkato ndiyo iliyo nacho. Wengi hukwama hapo na kudhani wamedanganywa.

Kijana alitaka kuweka W kwa ajili ya Word na E kwa ajili ya Excel. Mama alikataa. Alisema yeye hafungui Word, anafungua kitabu cha ubatizo. Nililipenda jibu hilo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia juu ya lugha yetu na teknolojia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi njema. Katika ofisi yetu menyu zimebaki za Kiingereza hadi leo, lakini herufi sita za mama ni za Kiswahili. B ni ubatizo, K ni kipaimara, Z ni zaka, M ni Misa, T ni matangazo.

N ilipaswa kuwa ndoa, na hapo tukapata kichekesho. Kijana alikuwa ameweka pia NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye mwenzake James Teh, naye asiyeona. Nayo hutolewa bure. Mnajua inavyowashwa? Kwa njia ya mkato ya namna hii hii: inapowekwa kwenye kompyuta huja na alama yake ikiwa na Ctrl, Alt na N. Basi ndoa na sauti zikagombea kitufe kimoja. Mama akibonyeza, ikawa huji nani atakuja. Nilitoa uamuzi kama paroko kwamba ndoa ipishe, na sasa ndoa iko kwenye A, kwa maana ya arusi. Migongano mingine hatukuishughulikia. Ndani ya Word, Ctrl, Alt na M hutumika kuweka maoni pembeni mwa maandishi. Kwetu sasa hufungua nia za Misa, na hakuna aliyewahi kuyalilia maoni.

Sauti ya NVDA yasoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege juzi. Majina yetu ya ukoo huyatesa. Wiki ya kwanza nilikuwa nikicheka peke yangu ofisini kwangu nikiisikia ikiita majina ya jumuiya. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, na vidole vyake vilikuwa vikienda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona tangu nifike parokiani. Kwenye herufi F na J za kila kibodi pana vinundu vidogo. Huenda hamjawahi kuvigusa kwa makusudi. Vidole vyake vya shahada vilikuwa vikitua hapo kama ndege kwenye tawi lake, na kutoka hapo vilijua pa kwenda. Kile kitambaa cha chuo cha uhazili kilikuwa kimemsubiri zaidi ya miaka thelathini.

Tulijaribu pia kumnunulia kompyuta mpakato ya mtumba hapa hapa sokoni, kwa bei nzuri, iliyotoka Ujerumani. Ilimtesa saa nzima. Kibodi za Kijerumani zimebadilishana mahali Z na Y, hivyo alipotaka zaka kidole kilitua kwenye Y na hapakutokea kitu. Tena katika kibodi hizo alama ya @ hupatikana kwa kitufe cha AltGr pamoja na Q, na Windows huihesabu AltGr kuwa sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja. Mtu akiweka njia ya mkato kwenye Q, siku ya kuandika anwani ya barua pepe atajuta. Tuliirudisha, na muuzaji alitubadilishia bila ugomvi. Mnunuapo mtumba wa Ulaya, tazameni herufi kwanza.

Mambo yalikwenda vizuri miezi mitatu. Vyeti vilitoka safi, na kamati ya fedha ikaacha kuzungumzia kiinua mgongo.

Ndipo nilipofanya usafi.

Ilikuwa Ijumaa usiku. Nilikaa kwenye kompyuta ya ofisi kuchapa tangazo, nikaudhika kwa wingi wa alama zilizotapakaa kwenye skrini. Seminarini tulifundishwa kwamba kitanda kisichotandikwa ni akili isiyotandikwa, na mafunzo hayo hayajanitoka. Nikaunda kabrasha moja ndani ya Documents, nikaliita Ofisi, nikazikusanya alama zote humo. Skrini ikang'aa. Nikaenda kulala nimeridhika.

Nisilolijua ni hili: vitufe hivi hutambulika pale tu alama ya njia ya mkato inapokaa kwenye uso wa kwanza wa skrini au ndani ya menyu ya Start. Ukiihamishia kwenye kabrasha jingine la ndani, alama ipo, faili lipo, lakini vitufe ni viziwi.

Jumamosi asubuhi baraza lilikuwa limejaa. Ulikuwa msimu wa kuandikisha kipaimara, na wazazi walihitaji vyeti. Mimi nilikuwa nimekwenda kumpelekea mgonjwa Komunyo. Mama aliwasha kompyuta, akabonyeza Ctrl, Alt na N ili apate sauti. Kimya. Akabonyeza tena. Akajaribu B. Akajaribu K. Alama ya NVDA nayo nilikuwa nimeihamisha, kwa hiyo hata chombo cha kumweleza kilichoharibika hakikuwepo. Alikaa mbele ya kioo ambacho kwake kilikuwa ukungu mtupu, watu wakiguna nyuma ya dirisha, na kijana wa Aggrey hapokei simu kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Hatimaye alichukua kalamu nene ya wino na karatasi za tangazo, akawa anaandika majina kwa herufi kubwa kama za bango, moja baada ya nyingine, akiwaambia watu waje Jumatatu.

Nilifika saa tano. Nilipoyaona makaratasi yale yamejaa meza nilielewa kabla hajasema lolote. Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyepanga jana usiku." Alinyamaza kidogo, akajibu, "Baba, ungeniambia tu."

Jumatatu aliniletea barua ya kuacha kazi. Hakuwa na hasira. Aliandika kwamba hataki parokia iaibike kwa ajili yake, na kwamba mtu ambaye kazi yake yaweza kufutwa kwa kusogezwa alama za skrini hafai kutegemewa na waamini. Niliisoma mara mbili. Sentensi ile ya pili ingenihusu mimi zaidi kuliko yeye, maana kazi yangu nayo ingekwama vibaya endapo mtu angebadilisha mahali pa vyombo vya altareni bila kuniambia. Tofauti ni kwamba hakuna anayethubutu. Kwa paroko kila mtu huuliza. Kwa katibu mimi sikuuliza, kwa sababu skrini nilihesabu ni yangu na macho niliyoyategemea ni yangu. Nilimwomba radhi, nikamwomba pia aniachie ile barua mwezi mmoja.

Kijana alikuja jioni. Safari hii alizipeleka alama zote sita ndani ya menyu ya Start, ambako hakuna padre msafi atakayezigusa, na vitufe vikaamka. NVDA aliipanga ianze yenyewe mara kompyuta inapofunguliwa, isisubiri kuitwa. Aliongeza na dawati la siri: mama anapoinuka, hubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na L, na kompyuta hufungwa hadi neno la siri litolewe. Habari za ubatizo na ndoa si za kuachwa wazi mezani, na kitu kinachofunguka upesi chahitaji kufungwa upesi.

Lipo ambalo njia hizi hazijalitatua. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Faili la kompyuta ni msaidizi wa vitabu hivyo. Si mbadala wake. Vitabu vyetu vya zamani vimeandikwa kwa mkono na maparoko wengi, wengine wenye mwandiko wa kukimbiza kuku, na hakuna sauti ya kompyuta iwezayo kuvisoma. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi binti mmoja wa WAWATA huja kumsomea, naye mama huchapa. Ni kazi ya pole pole. Wamefika mwaka 1978.

Mama huja kwa mwendokasi hadi Gerezani, kisha hutembea. Juzi niliongozana naye. Hakupita barabara pana, alikata kwenye ujia kati ya duka la vyombo na duka la mapazia, fimbo mkononi, akiniambia bila kugeuka, "Baba, hapa pana ngazi mbili." Nilikuwa nimekwisha kujikwaa ya kwanza.

Nawaombeni mambo matatu madogo. Mfikapo dirishani, tajeni jina na jumuiya yenu mara baada ya salamu, kwani hawezi tena kuwatambua kwa sura. Kiti chake kisisogezwe. Na anayekaa kwenye kompyuta ile kwa sababu yoyote, nami nikiwemo, asihamishe kitu kabla ya kumwambia.

Makala hii ameisikiliza jana, ikisomwa na ile sauti ya kigeni. Ameniomba niondoe sentensi moja, nami nimeiondoa. Mwezi ulikwisha kupita, na barua yake ingali kwenye droo yangu. Hajauliza habari zake.

Tuonane Jumapili.

Paroko wenu